Programu Huria na Hakimiliki Yake

Kompyuta zilipoenea, neno "huria" lilikuwa tayari limezoeleka. Tulikuwa na soko huria, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho milango yake iko wazi, lakini mwanafunzi hujisajili, hulipa ada na hufanya mitihani. Tukalichukua, tukapata programu huria: programu ambayo msimbo wake chanzo, yaani maandishi ya waundaji wenyewe, unaruhusiwa kusomwa, kubadilishwa na kusambazwa. Nalipenda neno hili. Hofu yangu ni kwamba wengi hulisikia kama "holela". Programu huria ina mwenyewe, na hakimiliki ndiyo inayompa nguvu ya kuweka masharti katika leseni. Anayeyapuuza amekiuka hakimiliki, hata kama programu aliipata bure.

Mfano bora ni kesi iliyoanza Marekani mwaka 1992. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitumia mfumo wa uendeshaji wa Unix kwa leseni ya AT&T, na wataalamu wake wakauongezea mengi. Kisha wakaanza kuondoa msimbo wa AT&T faili moja baada ya nyingine, wakiandika wa kwao. Toleo walilolitoa mwaka 1991 lilipungukiwa faili 6 tu kuwa mfumo kamili. Kampuni ya BSDi ikajaza pengo hilo, ikauza mfumo wake. Unix System Laboratories, kampuni tanzu ya AT&T, ikaishtaki BSDi huko New Jersey kwa madai kwamba msimbo wake ulikuwa umenakiliwa; baadaye ikakiunganisha chuo katika kesi.

Mwaka 1993 jaji alikataa kutoa amri ya zuio. Sababu moja ni kwamba toleo la zamani la Unix, 32V, lilisambazwa bila tangazo la hakimiliki, wakati sheria ya siku zile ililidai.

Ndipo chuo nacho kikashtaki, huko California. Leseni ya Berkeley iliruhusu yeyote kutumia msimbo, hata kuuza, mradi akitaje chuo. Chuo kikadai kwamba kampuni ile ile iliyojiita mwenye mali ilikuwa imeingiza msimbo wa Berkeley katika Unix yake iitwayo System V bila kukitaja. Ndiyo maana nashikilia "ukiukaji wa hakimiliki" badala ya "wizi wa msimbo". Msimbo wenyewe ulikuwa umetolewa kwa hiari. Kilichodaiwa kuvunjwa ni sharti lake.

Kampuni ya Novell iliinunua Unix System Laboratories, na shauri likaisha kwa makubaliano mwaka 1994. Kati ya faili zipatazo 18,000 za toleo la Berkeley, ziliondolewa 3. Nyingine kama 70 ziliandikwa tangazo la hakimiliki la Unix System Laboratories, na zikaendelea kusambazwa huria vile vile.