Kiti cha Kale na Kigoda Kikuukuu

Katika Kiswahili, vyombo vya nyumbani havizeeki kwa namna moja. Kiti cha mpingo kilichorithiwa huitwa kiti cha kale. Redio ya mbao au meza ya miaka ya 1950 ni kitu cha zamani. Kigoda alichokikalia bibi jikoni kwa miaka arobaini ni kigoda kikuukuu. Maneno haya hayapimi miaka peke yake. Kale ni wakati usio na shahidi aliye hai. Zamani yuko bado wa kuisimulia. Ukuukuu si wakati hata kidogo, bali ni hali ya kitu kilichochakaa kwa kutumiwa. Ni kweli kwamba wasemaji hawaichungi mipaka hii kila siku, lakini mtu anayechagua viti vya kupamba nyumba yake, awe Lamu au Dar es Salaam, huchagua kwanza neno, kisha kiti. Historia ya viti vya pwani nayo imeandikwa kwa kufuata uchaguzi huohuo, na kwa sababu hiyo imesimulia habari za ukumbini ikaacha za jikoni.

Neno kiti lenyewe ni la Kibantu. Lina shina lilelile la mti, likiwa limetanguliwa na kiambishi ki- cha ngeli ya vitu na vifaa. Kitanda hutokana na kutanda. Majina ya samani nyingine yana nasaba za mbali: meza ni ya Wareno, kabati, kochi, benchi na stuli ni za Waingereza, zulia na busati zimetoka Uajemi na Uarabuni. Aliyefundishwa jambo na mgeni kwa kawaida hulipokea pamoja na jina lake. Kwa hiyo, dhana kwamba watu wa pwani walifundishwa na wageni kukaa juu ya kitu kilichoinuka kutoka sakafuni haipati nguvu yoyote katika msamiati.

Kilichopokewa kutoka nje ni fahari iliyoongezwa juu ya kiti. Kiti cha enzi, ambacho huitwa pia kiti cha mpingo, ni jina lenye nusu mbili: kiti ni Kibantu, na enzi ni Kiarabu, kwa maana ya utukufu na mamlaka. Umbo lake ni la mistari iliyonyooka: mgongo mrefu, mikono mipana, na kibao cha kuwekea miguu kinachochomolewa. Pa kukalia na pa kuegemea pamesukwa kwa uzi, na mbao zimepambwa kwa vipande vya pembe za ndovu au mfupa. Mbao zake hushikana kwa ndimi na matundu, hivyo kiliweza kufunguliwa vipande vipande na kupakiwa jahazini. Mafundi wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, walisifika kwa kazi hii katika karne ya 18 na ya 19, kama walivyosifika kwa kunakili misahafu na kwa kazi za ngozi. Walioandika juu yake, akiwamo James de Vere Allen katika makala yake ya mwaka 1989, wamejadili nasaba ya umbo hilo, na wataalamu wamelihusisha na Misri ya Wamamluki, na Ureno, na India. Mjadala huo una faida yake, ila umekula kurasa nyingi kuliko swali la nani alikikalia. Aliyekikalia alikuwa mtawala, mwanachuoni au mgeni wa heshima. Watu wengine wote wa nyumba ile waliketi penginepo.

Kiti hicho kimehamia katika majumba ya makumbusho, lakini jina lake halikustaafu. Tafsiri ya Biblia iliyotolewa mwaka 1952 ilikipeleka kiti cha enzi katika maskani ambazo hazijapata kuona mpingo uliotiwa pembe. Mamlaka ya siku hizi nayo yameegemea hapohapo: anayeongoza mkutano ni mwenyekiti, na wagombea hushindania kiti cha ubunge. Hata katika uganga wa pwani, mtu aliyepandwa na pepo huitwa kiti, kwa kuwa pepo amemkalia. Baraza, yaani kikalio cha mawe mbele ya nyumba, limekwea zaidi likawa Baraza la Mawaziri.

Jikoni hakukupanda cheo. Kigoda hakina mgongo wala mikono. Ni kifupi, na mara nyingi huchongwa katika gogo moja. Juu yake mtu husonga ugali, huchambua mchele, huchochea moto. Msusi huketi juu ya kigoda, na anayesukwa huketi mkekani kati ya magoti yake. Ndugu yake kigoda ni mbuzi wa kukunia nazi: mbao mbili zinazokunjika kama marufaa ya msahafu, na ulimi wa chuma wenye meno uliochomoza mbele. Mkunaji hukaa juu ya kifaa chenyewe, na uzito wa mwili wake ndio unaokizuia kisiteleze. Bila kikalio hiki hapana tui, na bila tui sehemu kubwa ya mapishi ya pwani haipo. Hata hivyo, kamusi hukiweka mbuzi katika vyombo vya jikoni, si katika viti, na msimuliaji wa historia ya viti hukiruka.

Bara ni kinyume. Miongoni mwa Wakamba, kigoda cha miguu mitatu kilichotiwa nyuzi za madini kilikuwa alama ya mzee mwenye kauli. Na mji wa Entebbe umepata jina kutokana na neno la Kiganda lenye maana ya kiti. Kwa hiyo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzisha mwaka 2008 Kigoda cha Mwalimu Nyerere, ambacho mshika nafasi wake wa kwanza alikuwa Profesa Issa Shivji, neno lililoteuliwa lilisikika kwa masikio mawili: bara lilisikia heshima ya wazee, na pwani ilisikia unyenyekevu wa jikoni. Ulikuwa uteuzi mzuri.

Sheria nayo hupanga viti kwa wakati. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kenya ya mwaka 2006 huhesabu kuwa cha kale kitu kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Mwaka huo ndio Uingereza ilipotangaza himaya yake. Yaani kale ya kisheria huishia pale utawala wa kikoloni unapoanzia. Kiti cha enzi cha Siyu kimo ndani ya mpaka. Kigoda cha mwaka 1950 kimebaki nje, nacho ndicho kinachotiwa motoni kikivunjika mguu.

Biashara ya pembe za ndovu kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989 wa mkataba wa CITES, na kiti kilichopambwa kwa pembe hakivuki mpaka kwa urahisi. Ndiyo sababu bandia ni nyingi. Mbao nyeupe hupakwa rangi ya viatu ikaitwa mpingo, ingawa mpingo halisi ni mzito hata huzama majini. Na mfupa, wenye vitundu vidogo vyeusi, huuzwa kwa jina la pembe. Kiti kipya kilichotengenezwa waziwazi na fundi wa leo wa Lamu ni chaguo la heshima zaidi kuliko hayo yote. Mnunuzi anayekifuata humkuta fundi nyuma ya duka, ameketi juu ya kigoda kilicholika upande mmoja, akipiga patasi. Hicho hakimo katika vinavyouzwa, wala hakuna aliyekiulizia bei.