AC ya Gari Hainywi Gesi: Stori ya Miaka 80 ya Kujaza Bila Kuziba

Fundi akikuambia "AC yako inataka gesi," muulize swali moja tu: ile ya kwanza ilienda wapi?

Wasee wengi hudhani gesi ya AC ni kama petroli, ati unaendesha, inaisha, unajaza tena. Zii. AC ni mfumo uliofungwa. Gesi ileile huzunguka ndani ya mabomba mwaka baada ya mwaka. Ikipungua, kuna mahali inatokea. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Kwa AC, nafuu ni ya anayekuuzia gesi, na mzigo ni wako.

Na tabia hii haikuanzia Grogan. Ilianzia Marekani.

Mwaka wa 1928, Thomas Midgley na wenzake waliokuwa wakifanyia kazi General Motors walitengeneza gesi mpya ya kupoza, aina ya CFC. Friji za wakati huo zilitumia gesi za sumu kama amonia, kwa hivyo zikivuja mtu angeweza kufa. Mnamo 1930, Midgley alivuta gesi yake mpya mbele ya wanakemia, kisha akapuliza mshumaa ukazima. Ujumbe ukafika: haina sumu, haishiki moto. Kwa maneno mengine, ikivuja si neno.

Shida ni kwamba gari huvuja kuliko friji. Friji ya nyumbani ina mota iliyofungiwa ndani ya chuma pamoja na kompresa, na mabomba yake yamechomelewa. Ndiyo maana friji ya shosho inaweza kumaliza miaka 20 bila kuongezwa gesi. Kompresa ya gari inazungushwa na mkanda wa injini, kwa hivyo lazima shafti itokeze nje kupitia kwa sili ya mpira. Injini inatikisika, kwa hivyo lazima kuwe na hosi za mpira pia. Kila kiungo ni njia ya kutorokea. Packard walipotoa gari la kwanza lenye AC ya kiwandani, la mwaka wa 1940, haikuwa hata na klachi ya kompresa. Ukitaka kuizima kabisa, unazima injini, unafungua boneti, unatoa mkanda!

Baadaye AC zikawa kitu cha kawaida Marekani, na gesi ikauzwa dukani kwa makopo madogo, bei rahisi. Nani angehangaika kutafuta tundu? Unanunua kopo, unajaza, msimu wa joto ukirudi unajaza tena.

Halafu 1974, Mario Molina na Sherwood Rowland wakauliza swali lile lile la kwangu: gesi yote hii inaenda wapi? Jibu lao lilikuwa kwamba inapanda juu kabisa, jua linaivunja, na klorini yake inakula tabaka la ozoni linalotukinga dhidi ya miale mikali ya jua. Mnamo 1985, wanasayansi Waingereza wakatangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika imepungua vibaya. Miaka miwili baadaye Mkataba wa Montreal ukatiwa saini, na sekretarieti yake iko hapa kwetu Nairobi, Gigiri. Magari yakahamia gesi ya R-134a miaka ya 1990.

R-134a haili ozoni, lakini kilo moja yake inapasha dunia joto kama kilo 1,430 za kaboni dioksidi. Gari dogo hubeba karibu nusu kilo. Hiyo ikitoroka yote, ni kama umechoma lita 300 hivi za petroli. Ndiyo maana 2016 nchi zilikutana Kigali na kukubaliana kupunguza gesi za jamii hii.

Sasa turudi kwa mfuko wako. Ndani ya gesi kuna oili inayolainisha kompresa. Gesi ikipungua, oili hairudi vizuri, na kompresa inajisaga yenyewe. Kompresa ni ghali kuliko oringi, hiyo hauhitaji kuambiwa na mtu.

Kutafuta tundu si uchawi. Anza na macho: mahali panapovuja huwa na oili iliyoshika vumbi. Kagua viungo, midomo ya kujazia gesi, mbele ya kompresa, na kondensa iliyo mbele ya rejeta, ambayo hupigwa na mawe ya barabarani. Fundi anaweza kuweka nitrojeni kwa presha na kupaka povu la sabuni, kisha aangalie panapotoa viputo. Anaweza pia kuweka rangi inayong'aa kwa tochi ya UV, urudi baada ya siku chache. Gumu zaidi ni koili iliyo nyuma ya dashibodi, maana huioni. Tundu likizibwa, mfumo unavutwa hewa na unyevu wote kwa pampu, kisha gesi inawekwa kwa kupimwa gramu, si kwa kukisia. Na ukiambiwa gesi ya kupikia itafanya kazi vilevile, ondoka. Hiyo inashika moto.

Marekani, tangu 1992 ni kosa kwa fundi kuachilia gesi hizi hewani makusudi. Anainyonya kwa mashine na kuihifadhi. Mimi naona hapa kwetu hatuna haja ya kungoja askari. Mteja ndiye mwenye pesa. Sema hivi: "Boss, sijazi mpaka unionyeshe inapovujia." Utalipia kazi ya kutafuta, ndio, na siku hiyo itauma. Lakini jamaa anayejaza kila baada ya miezi mitatu analipa zaidi, na bado anaketi kwa jam ya Mombasa Road madirisha yakiwa chini.