Upanga wa Gemu na Noti ya Gatina

Nilikuwa na upanga. Si wa kufyeka nyasi, ni wa kwenye gemu. Niliupata baada ya miezi minane ya kucheza usiku, saa zile bando linakuwa rahisi, na kuna msee wa Kawangware alikuwa tayari kunipa elfu mbili na mia tano kwa akaunti nzima. Asubuhi moja nikajaribu kuingia, nikakuta imefungwa. Barua pepe ya mistari miwili ikaniambia nimevunja masharti. Nikayasoma masharti kwa mara ya kwanza (wewe huyasoma?) na ndani yake mlikuwa na kifungu kinachosema kwamba kila kitu nilichokusanya ni mali ya kampuni. Upanga haukuwahi kuwa wangu. Niliazimwa tu.

Kilio hiki si kipya. Kuna kijana alikilia mwaka 2010, na machozi yake yalifika hadi Kawangware kwa njia ndefu kidogo. Anaitwa Vitalik Buterin. Alikuwa akicheza World of Warcraft kama mchawi, na Blizzard, kampuni yenye gemu, ikaamua kupunguza makali ya uchawi mmoja alioupenda, Siphon Life. Mwenyewe ameandika kwamba alilia mpaka akalala, na kwamba siku ile ndipo alipouona ubaya wa mfumo ambao usukani wake umeshikwa na mtu mmoja. Alikuwa na miaka kumi na sita. Mwishoni mwa 2013 aliandika mpango wa Ethereum, na Julai 2015 mtandao huo ukawashwa.

Wazo lenyewe si gumu. Badala ya daftari la mali kukaa kwenye seva ya kampuni, nakala zake zinakaa kwenye maelfu ya kompyuta, na hakuna mmoja anayeweza kufuta mstari bila wengine kumwona. Daftari hilo ndilo blokcheni. Ukiandikwa humo kwamba upanga fulani ni wako, unaweza kuuuza bila kumwomba mwenye gemu ruhusa. Mstari huo wa umiliki ndio unaoitwa tokeni. Najua, Nairobi ukisema tokeni watu wanafikiria zile tarakimu ishirini za stima. Si vibaya. Hata hizo ni namba unazonunua kwa pesa halisi, na zina thamani mradi tu kuna mita inayozikubali. Likumbuke hilo neno, kuzikubali, tutalirudia.

Mwaka huohuo wa 2010, wakati Vitalik analia, Mombasa kulikuwa na gemu ya aina nyingine. Mmarekani mmoja aliyesomea fizikia, Will Ruddick, aliyekuja Kenya 2008 kujitolea na Peace Corps, alianzisha Eco-Pesa huko Kongowea: vocha za karatasi ambazo watu walizipata kwa kuokota taka na kupanda miche, kisha wakazitumia kwenye maduka ya karibu. Shirika lake linaitwa Grassroots Economics. Mei 2013 likaja na Bangla-Pesa, katika mtaa wa Bangladesh, hukohuko Mombasa.

Hii ya pili ndiyo iliyotikisa. Kabla mwezi haujaisha, Ruddick na watu wengine watano walikuwa wamekamatwa na kushtakiwa kwa kughushi. Kulikuwa na minong'ono kwamba vocha zile zilihusiana na Mombasa Republican Council, kundi lililokuwa likidai Pwani si Kenya. Fikiria: karatasi ya kununulia sukuma wiki na maandazi imegeuka kuwa tishio kwa taifa. Agosti mashtaka yakaondolewa, na baadaye mwaka huo Bangla-Pesa ikarudi sokoni.

Kutoka hapo ikapanda mlima. 2014 Kawangware ikapata Gatina-Pesa, jina la kijiji chake. 2015 Kangemi ikapata yake, na Kibera ikapata Lindi-Pesa, pale kijiji cha Lindi.

Tuseme wewe ni mama mboga Gatina na mwezi uko kona. Nyanya zinaiva kupita kiasi kwenye meza. Fundi viatu jirani yako ana mikono na gundi lakini hana wateja. Mwalimu wa shule ya jamii ana njaa, na mzazi anadaiwa karo. Kila mtu ana kitu cha kutoa, kinachokosekana ni shilingi za kupita katikati yao. Sasa kikundi chenu kinachapisha vocha, kila mwanachama anapewa zake baada ya wenzake kumdhamini, na wote mnaapa kuzipokea kwa thamani ya shilingi moja kwa moja. Mwalimu anakupa vocha anachukua nyanya, wewe unapeleka kiatu, fundi analipa sehemu ya karo. Mara nyingi malipo yalikuwa mchanganyiko, kidogo vocha, kidogo shilingi, maana muuza jumla wa Wakulima hana habari na Gatina-Pesa.

Hakuna seva. Hakuna mtu wa kukufungia akaunti. Lakini pia ukitoka Gatina ukavuka kuingia Lavington, ile noti ni karatasi nzuri ya kuwashia jiko.

Kwa nini Kibera na Kawangware? Jibu la haraka ni umaskini, na wafadhili hulipenda. Mimi naona kuna jingine. Hii ni mitaa ambayo watu wamezoea kumiliki vitu ambavyo daftari la serikali halivitambui. Wanubi, askari wa King's African Rifles wenye asili ya Sudan, waliruhusiwa kukaa Kibra mwanzoni mwa karne iliyopita, na kwa zaidi ya miaka mia wajukuu wao waliishi hapo bila hati. Ni Juni 2017 tu ambapo Rais Uhuru Kenyatta aliikabidhi jamii hiyo hatimiliki ya ekari 288. Kwingine Kibera nyumba ya mabati huuzwa, hukodishwa na kurithiwa hadi leo ilhali ardhi chini yake si ya muuzaji wala mnunuzi. Inauzwaje? Mnaleta mashahidi, mnaandikiana, wazee na chifu wanajua. Siku tingatinga la serikali likija, hiyo karatasi yenu inageuka kama upanga wangu.

Sasa ndipo gemu na mtaa vinakutana, na sikuijua sehemu hii mpaka nilipoanza kuchimba. Galia na Guy Benartzi, ndugu wawili kutoka Israeli, walikuwa na kampuni ya gemu iitwayo Mytopia. Waliiuza kwa 888 Holdings mwaka 2010. Ndiyo, 2010 tena. Juni 2017, wakiwa na wenzao, waliuza tokeni za mradi mpya, Bancor, na ndani ya saa chache wakakusanya takriban dola milioni 153. Jina walilitoa kwa Keynes, mchumi wa Uingereza aliyependekeza sarafu ya dunia nzima wakati wa Vita Kuu ya Pili, akakataliwa. Mwisho wa mwaka huo CryptoKitties, gemu ya kufuga na kuuziana paka wa kidijitali, ilipendwa mpaka ikasababisha msongamano kwenye Ethereum yote. Paka wa kuchora walikuwa wanauzwa kwa bei ya ploti.

Juni 2018 Bancor ikatangaza kwamba itapeleka sarafu za mitaa kwenye blokcheni, pamoja na Ruddick, na itaanzia Kawangware na Kibera. Ahadi ilikuwa kwamba noti ya Gatina iliyokuwa inafia Gatina sasa ingeweza kubadilishwa na ya Kibera, bei ikipangwa na hesabu za programu, si na broka.

Mwezi mmoja baadaye wezi waliingia Bancor na kuchukua tokeni za takriban dola milioni 23.5. Karibu milioni kumi kati ya hizo zilikuwa tokeni za Bancor yenyewe, na kampuni ikaweza kuzifungia wezi wasizitumie. Afadhali, utasema. Lakini wakosoaji wakauliza swali ambalo Vitalik wa miaka kumi na sita angeliuliza: kama mnaweza kumfungia mwizi, ni nini kinawazuia kunifungia mimi?

Mtaani swali lilikuja kwa sura nyingine. Watu wengi walikuwa na kabambe, na kwa kabambe unabonyeza nyota, namba, reli, unaweka PIN. Huwezi kushika ufunguo wa blokcheni mwenyewe, kwa hiyo mfumo uliwashikia. Mwaka 2020 vocha za mitaa zikaunganishwa kuwa tokeni moja, Sarafu, na korona ilipofunga kazi za vibarua, ikasambaa haraka, Mukuru kwa msaada wa Msalaba Mwekundu, Kinango huko Kwale, na kwingineko. Kufikia katikati ya 2021 akaunti zilikuwa kama 40,000. Katika kipindi hicho sheria zilibadilika. Kiasi anachopewa mgeni anapojiandikisha kilipunguzwa. Salio lililolala likaanza kukatwa asilimia 2 kwa mwezi, ili watu wazungushe, wasifiche.

Nimelifikiria hilo sana. Kiuchumi lina akili, sarafu ya mtaa ikilala inakufa. Ila ni Siphon Life ileile: umelala ukiwa na kitu, umeamka kimepungua makali, na uamuzi umetoka juu. Tofauti ni kwamba mama wa chama huko Kinango alikuwa na mtu wa kumpigia simu na kumkaripia. Mimi na upanga wangu hatukuwa na mtu.

Na wale walioahidiwa umiliki kamili kwenye gemu? Axie Infinity ya kampuni ya Sky Mavis, Vietnam, ndiyo iliyovuma zaidi. Mwaka 2021 kuna watu Ufilipino waliacha vibarua wakawa wanalisha familia kwa kupiganisha vijinyama vya tokeni. Vijinyama vilikuwa vyao kweli, daftari lilisema hivyo. Kisha wanunuzi wapya wakapungua, tokeni waliyokuwa wakivuna ikaporomoka bei, na Machi 2022 wezi wakachota zaidi ya dola milioni 600 kwenye mtandao wake. Umiliki ulibaki palepale. Waliokuwa wakizipokea ndio waliondoka.

Serikali yetu haikuchelewa kunusa. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya asilimia 3 kwa kila uhamisho wa mali ya kidijitali, ikitaja hata tokeni za picha na vitu vya kipekee, kwa hiyo kwa maandishi upanga wa tokeni ulioibiwa thamani yake yote ungeweza bado kudaiwa kodi ukiuuza. Kodi hiyo ilifutwa 2025, ukaja ushuru wa asilimia 10 kwenye ada za wanaoendesha biashara hizo.

Mimi nilirudi kucheza. Akaunti mpya, hakuna tokeni wala blokcheni ndani yake, na masharti ni yaleyale. Lakini biashara ya akaunti haijasimama. Pale Kawangware kuna banda la gemu lenye televisheni nne, viti vya plastiki na feni isiyozunguka. Ukitaka kuuza akaunti unaenda na mnunuzi, yeye anamtumia mwenye banda pesa kwa M-Pesa, wewe unatoa nywila, mnunuzi anaibadilisha mbele yenu wote, anacheza raundi moja ahakikishe. Baada ya siku tatu, kama hujajaribu kuirudisha kwa ujanja, mzae anakutumia zako. Anakata mia mbili. Ana daftari pia, la mistari, lenye mafuta ya chipsi kwenye jalada, na jina lako ukishaandikwa humo kwa wizi, hakuna msee kutoka hapo hadi Kangemi atakayenunua kitu chako.