Shawa ya maji moto Kakamega: mambo ya kujua kabla hujamwita fundi

Mtu wa Mombasa akihamia Kakamega, kinachomshika kwanza ni baridi ya alfajiri. Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyolala kwenye tangi huamka ya barafu. Kuoga janaba saa kumi na moja kwa maji hayo kunataka imani. Watu wetu kufika pande hizo si jambo la leo. Misafara ya Pwani ilikuwa ikipita Mumias tangu karne ya 19. Siku hizi ni walimu, wafanyabiashara na vijana wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, na wengi wao hukimbilia kifaa kimoja: shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo.

Nilipomtembelea mpwa wangu kwenye nyumba yake ya kupanga huko, aliniwahi mlangoni mwa bafu: "Mjomba, shawa ikiwaka usishike bomba, linapiga." Alisema kwa utulivu kama anayenionya kuwa sakafu inateleza. Nilioga ndoo. Baadaye nikazima umeme kwenye meta, nikapanda kiti na kutazama. Shawa ilikuwa imeungwa kwenye waya wa taa, maungio yamefungwa kwa utepe tu, na waya wa kijani na manjano umekatwa na kukunjwa ndani ya ukuta.

Tuanze na ukubwa wa mzigo. Shawa nyingi zinazouzwa Kenya ni za kilowati 3.5 hadi 5.5. Umeme wetu ni wa volti 240, kwa hiyo ile ya kilowati 5.5 huvuta karibu ampea 23. Soketi ya kawaida mwisho wake ni ampea 13, na waya wa taa, ule wa milimita 1.5 za mraba, haukutengenezwa kwa mzigo kama huo. Utapata moto, polepole, ndani ya bomba la plastiki ambako humuoni. Shawa inataka njia yake peke yake kutoka kwenye boksi la breka: waya wa milimita 4, na mimi napendelea 6 kama bafu liko mbali, breka ya ampea 32, na swichi ya ampea 45 inayokata nyaya zote mbili, iwekwe nje ya bafu. Mahali pa kuungia nyaya pawe na kiungio cha kauri. Kile cha plastiki huyeyuka.

Waya wa ardhi ndio hasa niliotaka kuuzungumzia. Katika shawa nyingi za bei nafuu, elementi iko wazi ndani ya maji. Umeme unaovuja kidogo unatakiwa uwe na njia nyepesi ya kushuka ardhini, kupitia ule waya wa kijani na manjano hadi kwenye nondo iliyopigwa nje ya nyumba. Ukikatwa, njia inayobaki ni wewe, uliyelowa, miguu chini. Mafundi wengine hufanya ujanja mbaya zaidi: huunganisha waya wa ardhi na nyutro pale pale kwenye shawa. Kila kitu hufanya kazi vizuri mpaka siku nyutro inapolegea mahali fulani, na hapo bomba na maji yote yanabeba umeme kamili. Breka ya kawaida haitakuokoa, maana yenyewe inalinda waya. Inayomlinda mtu ni ile inayohisi uvujaji, ya miliampea 30. Iulizie dukani kabla ya kuulizia rangi ya vigae.

Halafu kuna lalamiko la kila mgeni: "Shawa hii Mombasa ilitoa maji mengi, hapa yanachuruzika." Hesabu yake ni rahisi. Tuseme unataka maji ya nyuzi 38. Kama yanaingia yakiwa na nyuzi 28, kilowati 5 zinapasha kama lita 7 kwa dakika. Yakiingia na nyuzi 20, utapata lita 4. Shawa haijaharibika. Na ukirudi Kisauni usiibebe hiyo shawa: maji ya visima vyetu yana chumvi, yanapitisha umeme zaidi, na kuna aina yake maalumu ya maji ya chumvi.

Wenye familia kubwa huweka tangi la kupashia lenye thamostati. Huu ni ufito unaoingizwa kando ya elementi. Waya moto hupita kwake kwanza, na maji yakifika joto ulilochagua, kwa kawaida karibu nyuzi 60, unakata. Thamostati ikifa, maji hayapati moto, na fundi mvivu atairuka, aunganishe waya moja kwa moja kwenye elementi. Usikubali. Tangi lisilo na wa kulikatia hujenga mvuke na linaweza kupasuka.

Na wanaouliza kuhusu pampu ya joto: mnaijua tayari. Ni AC ya Nyali iliyogeuzwa, ikichota joto la nje na kulileta ndani, na kwa yuniti moja ya umeme inaweza kutoa joto la yuniti tatu hivi. Usiku wa Kakamega unaifaa sana. Ya chumba kimoja huvuta umeme kidogo kuliko shawa, lakini nayo inataka njia yake, breka yake na waya wa ardhi hadi kwenye kompresa ya nje. Kidhibiti joto cha ukutani, kama kipo, kikae mbali na dirisha na jiko, la sivyo kitasoma hali ya jiko badala ya chumba. Ngurumo zikianza, nazo Kakamega ni nyingi, zima vyote.

Fundi awe na leseni ya EPRA. Mwombe akuonyeshe kabla hajashika bisibisi.

Kwa mpwa wangu kazi ilichukua nusu siku. Mwenye nyumba alinuna, kisha akakubali gharama ya waya ikatwe kwenye kodi ya miezi miwili. Nondo ya ardhi tuliinunua sisi, kwa sababu kumbe nyumba nzima haikuwa nayo.