Mbwa wawili, mfuko mmoja wa chakula: Cha kuangalia kwenye lebo

Nyumba nyingi zenye geti zina mbwa wawili: mkubwa wa ulinzi, na mdogo aliyeletwa juzi kujifunza kazi. Kununua mifuko miwili tofauti ni gharama, na kuwatenganisha wakati wa kula ni kazi nyingine, maana mdogo akimaliza chake anahamia bakuli la mwenzake.

Je, wanaweza kula chakula kimoja? Mara nyingi ndiyo. Ila jibu liko nyuma ya mfuko, sio kwenye picha ya mbwa pale mbele.

Viambato huorodheshwa kwa uzito, kikubwa kikitangulia, na uzito huo ni wa kabla ya kupikwa. Hapo ndipo wengi huingia mkenge. Nyama mbichi ya kuku sehemu kubwa ni maji, hivyo ikitajwa ya kwanza haina maana kwamba ndiyo iliyojaa kwenye mfuko. Unga wa nyama umeshakaushwa, kwa hiyo hata ukitajwa wa pili unaweza kuwa na protini nyingi zaidi. Mahindi nayo hugawanywa: mahindi, pumba za mahindi, gluteni ya mahindi. Yakitajwa mara tatu, yajumlishwe kichwani.

Asilimia zisilinganishwe kabla ya kutoa maji. Kopo lenye protini asilimia 8 na unyevu asilimia 78 linaonekana dhaifu mbele ya punje kavu zenye protini 24 na unyevu 10. Lakini 8 gawanya kwa 22 iliyobaki ni asilimia 36, na 24 gawanya kwa 90 ni kama 27. Kopo limeshinda. Mifuko inayoandika gramu kwa kilo isimchanganye mtu: gramu 240 kwa kilo ni asilimia 24.

Mdogo ndiye anayeamua

Viwango vya AAFCO, chombo cha Marekani ambacho jina lake huonekana kwenye lebo nyingi, vinataka protini isiyopungua asilimia 18 kwa mbwa mzima na 22.5 kwa anayekua, baada ya kutoa maji. Chakula cha mbwa wazima pekee kitamnyima mdogo. Kilichoandikwa kuwa ni cha hatua zote za maisha kinawafaa wote wawili, ingawa mkubwa asiyefanya mazoezi anaweza kunenepa.

Kwa jamii kubwa kama German Shepherd, kalsiamu isizidi asilimia 1.8. Wapo wanaomwongezea mdogo unga wa mifupa ili awe na miguu imara, kumbe wanamharibia. Mwili wa mtoto wa mbwa hauwezi kuzuia vizuri kalsiamu iliyozidi, na mifupa inaweza kukua vibaya.

Wanaokula ugali na dagaa

Hapa hakuna lebo, lakini hesabu ni ileile. Dona ina protini kama asilimia 9, dagaa wakavu wasio na mchanga zaidi ya 50. Kilo 3 za unga kwa kilo 1 ya dagaa zinafika karibu asilimia 20: mkubwa anatosheka, mdogo bado anadai. Vitamini na madini mengine ni suala la kumuuliza daktari wa mifugo.

Ile tabia ya kusema mahindi yameota ukungu, apewe mbwa, iachwe. Mbwa anadhurika haraka na sumukuvu, na kuchemsha hakuiondoi. Mwishoni mwa 2005 mbwa wengi walikufa Marekani kwa chakula cha viwandani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Mboga iliyobaki yenye vitunguu nayo isiingie bakulini.

Chakula kimoja, vipimo viwili

Kikokotoo cha simu kinatosha. Uzito wa mbwa kwa kilo uzidishwe kwa wenyewe mara tatu (30 × 30 × 30), kisha kipeuo cha pili kitafutwe mara mbili mfululizo, halafu jibu lizidishwe kwa 70. Hiyo ni nishati ya mbwa aliyelala tu. Mzima wa kawaida azidishiwe 1.6, aliye chini ya miezi minne azidishiwe 3.

Mkubwa wa kilo 30 anapata kama kilokalori 1,435 kwa siku. Mdogo wa kilo 10 wa miezi mitatu anapata kama 1,180. Yaani ana theluthi ya uzito wa mwenzake, lakini anakula zaidi ya robo tatu ya chakula chake. Kwa punje zenye kilokalori 350 kwa gramu 100, ni gramu 410 kwa mkubwa na 340 kwa mdogo, na za mdogo zigawanywe mara tatu au nne kwa siku.

Kubadilisha chakula kufanyike taratibu kwa siku 7 hadi 10, kipya kikichanganywa na cha zamani. Wakianza kuharisha, kipya kipunguzwe.