Rangi, Uchotara na Utaifa katika Kambi ya FRELIMO, Nachingwea, 1965–1975

Kambi ya FRELIMO iliyofunguliwa Nachingwea mwaka 1965 haikuwa mahali pa kujifunzia silaha tu. Wapiganaji waliofika wakiwa Wamakonde, Wayao au Wamakua walichanganywa makusudi katika vikosi, na Kireno, lugha ya mtawala, ndicho kilichowaunganisha. Kwa wenyeji wa Nachingwea, na wa Ruangwa iliyokuwa bado sehemu ya wilaya hiyo, wageni hao hawakuwa wageni kabisa: Wamakonde na Wamakua wako pande zote mbili za Ruvuma.

Swali gumu lilikuwa rangi. Mwaka 1968 mgogoro katika Taasisi ya Msumbiji, Dar es Salaam, iliyoongozwa na Janet Mondlane, Mmarekani mweupe, uliishia kwa walimu Wazungu kufukuzwa nchini. Je, Mzungu, Mgoa au chotara (neno lenyewe lina kejeli ndani yake) angeweza kuwa Mmsumbiji? Eduardo Mondlane alishikilia kuwa adui ni ukoloni, si rangi. Baada ya kuuawa kwake tarehe 3 Februari 1969, Marcelino dos Santos, mtu wa damu mchanganyiko, aliingia katika uongozi wa watatu pamoja na Samora Machel na Uria Simango.

Ushindi wa hoja ya Mondlane haupaswi kusomwa kama maridhiano. Kipimo cha rangi kilipoondolewa, nafasi yake ilichukuliwa na utii kwa msimamo wa chama. Simango alifukuzwa, na mwaka 1975 aliletwa Nachingwea, akasomeshwa hadharani maungamo ya usaliti.