Nagona na Mzingile: Mapokezi Yaliyogawanyika na Funzo Lake kwa Burundi

Euphrase Kezilahabi anafahamika zaidi kwa Rosa Mistika (1971), riwaya iliyowahi kuzuiwa katika shule za Tanzania. Nagona (1990) na Mzingile (1991) hazikupata wasomaji wengi hivyo, na waliozisoma waligawanyika. Baadhi waliona kuwa mwandishi aliyesimulia vijiji vya ujamaa kwa uwazi katika Gamba la Nyoka (1979) amewapa wananchi kisogo na kukimbilia njozi. Wengine waliona humo riwaya ya Kiswahili ikivunja minyororo ya uhalisia.

Makala haya yanashikilia kuwa mgogoro huo ni wa kihistoria kuliko wa ladha. Kundi la kwanza lilitumia kipimo kilichokomaa baada ya Azimio la Arusha (1967): fasihi iutumikie umma moja kwa moja. Lakini Nyerere alikuwa ameng'atuka urais mwaka 1985, na mwaka huohuo Kezilahabi alikamilisha tasnifu ya uzamivu iliyohoji misingi ya kufasiri fasihi ya Kiafrika. Swali lilibadilika, umbo likalifuata.

Kwetu Carama, jijini Bujumbura, jambo hili ni la mtaala. Msamiati wa Nagona si mgumu. Kigumu ni muundo, na mwanafunzi aliyelelewa kwa ibisokozo, vitendawili vya Kirundi, si mgeni wa mafumbo. Tukimpa riwaya nyepesi pekee, atadhani Kiswahili ni lugha ya sokoni tu. Napendekeza Rosa Mistika itangulie, Nagona ifuate, na hoja za pande zote mbili zifundishwe.